Safu ya Maoni

Ijumaa, saa saba na nusu, Uvinza.
Andalio la somo linanidai tathmini ya juma
katika kisanduku kisichotosha hata jina langu.
Waliosajiliwa: themanini na mmoja.
Waliohudhuria: inategemea unamuuliza nani.

Maana Darasa la Pili B limejaa namba zenye miguu:
Nyandwi, wa saba kwa mama yake,
Minani, wa nane kwa mama mwingine,
Nyabenda, wa tisa, ambaye kila siku hukaa mbele yao
na hakuna hesabu iliyowahi kumrudisha nyuma.
Na dawati la dirishani, Bukuru na Butoyi,
pacha. Bukuru ndiye mkubwa, kwa dakika
ambazo hajaacha kuzidai.

Jumatatu Butoyi hakuja.
Nikaita: Bukuru. "Nipo."
Nikaita: Butoyi. "Nipo,"
sauti ileile, imevaa gauni la kubana.
Darasa likaangua kicheko.
Nikaweka alama kwa penseli.

Jumanne tulianza kutoa.
Mbili toa moja? Vidole juu, vinaalika kama kuni mbichi,
mimi mwalimu, mimi mwalimu, mimi.
Bukuru, sema wewe.
Akatazama ubao wa dawati, pale wino ulipomwagika.
"Mbili, mwalimu. Mmoja yuko zahanati."
Nikabaki na chaki mkononi.
Kwenye kiongozi cha mwalimu jibu hilo halipo,
wala hapajaelezwa pa kulitilia kosa.

Jumatano treni ya kwenda Kigoma ilipita katikati ya imla.
Sikupigana nayo. Nikasema, basi hesabuni.
Tukapata mabehewa kumi na manne, kumi na tisa, ishirini,
na ng'ombe mmoja aliyesimama kando ya reli
ambaye Nyandwi alikataa kumpunguza.

Alhamisi asubuhi, herufi: ghala, ghali, ghafla.
Mchana tukaazima sufuria ya mpishi,
tukachemsha maji ya chumvi aliyoyaleta baba yake Nyabenda
kwenye dumu la mafuta, kutoka kazini.
Sufuria ikabaki na ukoko mweupe.
Niliwaambia wauchore.
Walipokwenda kuchukua madaftari
ushahidi ulikuwa umeshalambwa.

Leo Butoyi amerudi.
Kanyolewa, kavaa sweta la kaka yake,
kwenye kiganja bado kuna alama ya plasta.
Nilikuwa nawapa mgongo, naandika tarehe,
na nyuma yangu Bukuru akawa analipa deni la juma zima
kwa kunong'ona:

"Hukukosa kitu. Treni ina mabehewa kumi na tisa.
Minani anasema kumi na manne, lakini Minani alipepesa.
Kuna herufi mbili zinashikana mikono,
unazisema kama umekwamwa na mwiba wa mgebuka.
Halafu chumvi. Chumvi inajificha kwenye maji.
Ukiyachemsha, maji yanakimbia,
chumvi haina miguu, inabaki.
Tuliilamba. Yako hii."

Nikasikia karatasi ikifunuliwa,
kona iliyochanwa kwenye daftari la Hisabati.
Kimya kidogo. Mtu akanyonya kidole.

"Na kutoa?" Butoyi akauliza. "Wamesema mlifanya kutoa."
"Kutoa bado. Nilimwambia mwalimu asubiri."

Chaki ilikuwa imefika kwenye mwezi, ikakatika.
Nikaiokota taratibu kuliko inavyookotwa chaki,
nikamaliza mwaka kwa kipande kilichobaki.

Sasa wameondoka. Wamesahau ndara moja
na kofia ambayo kesho hakuna atakayeikiri.
Mkuu wa shule anataka madaftari yetu kabla ya saa nane.
Kisanduku ni kilekile, upana wa vidole vitatu.
Naandika:
Juma limekwenda vizuri. Kutoa kurudiwe Jumatatu,
wote wakiwepo.

Na ile alama ya penseli,
nimeipitisha wino.